Matone ya Jicho la Mama Mkwe

Tangu nirudi, kila anayepita hapa kwangu ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje huko Mwanza? Nikifika nusu ya kujibu anaingia mwingine, nalazimika kurudi mwanzo, na mwanzo wenyewe ulinichosha sawa na mwisho. Basi nimeandika. Msome, mpokezane, halafu mniache nikae kwenye kiti changu. Wale ambao mmeshatunga yenu, kwamba nilitaka kumkimbia mkwe wangu kivukoni na kwamba nililia mbele ya nesi, mtaona wenyewe lipi mmepatia.

Mimi mnanijua. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waje na mizani yao, na ile ya chama chetu cha ushirika ikafungiwa ghalani, karani wa mizani hana safari. Mwendo wangu wa kila siku ni kutoka kitandani hadi kitini, na mchana kusogeza kiti kufuata kivuli. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuvuka ziwa na asiyeona, kumpeleka hospitali Mwanza.

Asiyeona mwenyewe ni mama wa mke wangu. Mtoto wa jicho alimwanza kushoto, akahamia na kulia, mpaka akabaki anatambua tu kwamba kumekucha au kumekuchwa. Anaishi peke yake ng'ambo ya mto, kwenye mji, yaani nyumba na shamba, alioachiwa na marehemu mumewe, na mwaka huu alianguka mara mbili akienda kisimani. Kuhamia kwangu hawezi; kwetu mama mkwe hakai kwa mkwewe. Kumfuata mwanawe hawezi. Shemeji yangu yuko machimboni Geita, analala chini ya turubai. Kwa hiyo ilikuwa ama aone, ama ang'olewe kwenye mji wake apelekwe asikokujua. Hilo ndilo tulilolibeba, ingawa mimi njia nzima nililalamikia mgongo.

Na kama karatasi hizi zitamfikia mtu asiyetujua, mwelezeni hivi: kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Si ugomvi, ni heshima. Katika miaka kumi na sita ya ndoa nilikuwa namjua mama mkwe kwa sauti, kwa mgongo na kwa visigino. Angenipita sokoni akiwa amegeuka, ningemsalimia visigino.

Nyumbani hadi Busisi

Mke wangu Kabula alikuwa na mtoto wa wiki tatu, asingeweza kwenda. Tukamwomba jirani yetu Mama Sado awe mikono na mimi niwe mdomo. Yeye amshike mgonjwa, amlishe, amwogeshe. Mimi nisome vibao na kuzungumza Kiswahili cha ofisini. Nilikubali upesi, maana kazi ya mdomo unaweza kuifanya ukiwa umekaa.

Tuliondoka na pikapu iliyobeba viazi na mkaa. Wale wawili walikaa mbele kwa dereva, mimi juu ya mkaa. Dereva alikuwa na ndugu kila kijiji. Hapa anashuka kusalimia, pale anashusha gunia, pale anapakia mbuzi ambaye alinichukia tangu aliponiona. Nikamsikia mama mkwe akiuliza, "Tumefika?" na Mama Sado akimjibu, "Bado tuko kwa shangazi wa dereva." Tulipata pancha moja tu, ila na tairi la spea lilikuwa na yake. Nilipoteremka Busisi nilikuwa mweusi kuliko mzigo nilioukalia.

Busisi, siku mbili za kutazama majani

Kivuko kilikuwa ng'ambo, upande wa Kigongo, tunakiona. Kati yake na sisi kulikuwa na shamba. Nasema shamba kwa sababu ndivyo lilivyoonekana: magugu maji, kijani kitupu chenye maua ya zambarau, yamesukumwa na upepo yakajaa mpaka ndege wanatembea juu yake. Kivuko kikijaribu kupita, mizizi inanasa kwenye pangaboi. Tukaambiwa tusubiri upepo ugeuke. Kusubiri nakujua sana, lakini nakujua nikiwa kwenye kiti chenye mgongo.

Kila baada ya muda mama mkwe aliuliza, "Yamesogea?"

"Kidogo," nilijibu, nikiwa nimemgeuzia mgongo.

"Unasema kidogo tangu jana. Hicho kidogo chako kingekuwa kweli, tungekuwa Mwanza."

Siku ya pili alikuja mtu na baiskeli kutoka nyumbani, anatokwa jasho, anamtafuta Mama Sado. Kaka yake alikuwa amefariki. Mama Sado alilia, akajifuta kwa kanga, akaanza kufunga mzigo.

"Baba Kulwa, nisamehe. Mshike mwenzako."

"Nimshike wapi, Mama Sado?"

"Sasa hapo mimi nitajuaje? Si wewe uliyesoma?"

Akapanda gari la kurudi. Nikabaki na mfuko wa nguo, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na mkwe. Sasa nakiri. Nilizunguka nyuma ya vibanda nikasimama pale kitambo kirefu nikipanga maneno ya kumwomba mama mmoja muuza mihogo akae naye mpaka lije gari la kumrudisha, mimi nikiwa nimeshatangulia kwa miguu. Niliyapanga vizuri. Nikarudi nikiwa nayo mdomoni, lakini nikaanza na mengine.

"Mama, nafikiri turudi. Tutakuja tena na Kabula, mtoto akikua."

Hakugeuka. Alikuwa ameelekea ziwani, ambalo halioni, mimi nimeelekea barabarani.

"Wewe umechoka kukaa hapa siku mbili," akasema. "Mimi nimekaa gizani misimu mitatu ya pamba. Tafuta fimbo."

Nikatafuta fimbo.

Kuvuka

Upepo uligeuka asubuhi iliyofuata, na njia nyembamba ya maji ikafunguka kwenye kijani. Mama mkwe alishika ncha moja ya fimbo, mimi nyingine, nikatangulia. Lilikuwa jambo jema kuliko nilivyostahili, kwa kuwa anayeongoza hana sababu ya kutazama nyuma. Ubaya wake ni kwamba mimi hupunguza mwendo ghafla nikichoka, na kila nilipopunguza, fimbo ilinichoma mbavuni.

"We mzee," mpakia mizigo mmoja akapiga kelele, "huyo bibi unampeleka mnadani?"

Mimi nikaendelea kuvuta fimbo. Mama mkwe akamjibu.

"Ndiyo. Na soko likiwa zuri tutarudi tukuchukue na wewe."

Watu wa kivukoni walicheka mpaka tulipofunga ng'ambo. Mimi nilijikalia kwenye chuma nikihesabu misumari.

Kigongo tulikula kwa mama ntilie, ugali na sato. Nilimketisha mgonjwa upande mmoja wa benchi, mimi nikakaa upande wa pili, tumepeana migongo. Mama ntilie akatuwekea sahani, akatutazama, akaondoka, akarudi.

"Mmegombana?"

"Hapana. Ni mkwe wangu."

"Sasa mkwe ndiyo umnunie? Mzee mzima hivyo? Mama wa watu haoni, samaki ana miiba, wewe umemgeuzia mgongo unakula!"

Nikajaribu kueleza. Yeye alikuwa Mjita, akaniambia kwao mkwe anatolewa miiba kama mtu mwingine. Akakaa, akamchambulia mama samaki, kila mwiba akiuweka kwenye ukingo wa sahani yangu ili niuone. Nilikula ugali mtupu.

Kutoka hapo tulipanda lori la ng'ombe lililokuwa likirudi tupu, ingawa lilibaki na harufu ya abiria wake wa mwanzo. Likatushusha Usagara, kwenye njia panda, na Usagara ikatuweka. Magari ya kutoka Shinyanga yalipita yamejaa, moja baada ya jingine. Jua likawa kali. Mama mkwe akatafuna michembe yake mikavu polepole, kisha akasema, "Nieleze unaona nini."

"Hakuna kitu, mama. Barabara."

"Wewe ulipewa macho ya bure ukayakalia. Nieleze."

Nikamweleza. Marundo ya mitumba juu ya maturubai, mtu anajipima koti la baridi kwenye jua lile. Makreti ya soda za aina ambazo hatukuzijua zamani. Mwanamke anapanga nyanya tano tano, kisha anapunguza moja kwenye kila fungu, anaangalia huku na huku. "Huyo simpendi," akasema mama mkwe. "Endelea." Niliendelea kwa saa nne. Tulipopata gari sauti ilikuwa imenikauka, na nadhani katika miaka kumi na sita hatukuwa tumezungumza hata robo ya hapo.

Wodini

Nesi wa wodi ya macho aliitwa Sista Adventina, Mhaya, Kiswahili kimenyooka na muda hana.

"Jina la mgonjwa?"

Nikatazama kalamu yake.

"Baba, jina la mgonjwa."

"Sista, mimi siwezi kulitaja."

"Umelisahau?"

"Nalijua vizuri."

"Ni siri ya serikali?"

"Ni mkwe wangu."

Akaweka kalamu chini. "Nyie Wasukuma! Nimwandike nani sasa, Mkwe binti Mkwe?"

Mama mkwe akajitaja mwenyewe, kwa sauti ya kusikika wodi mbili. Mimi nikatazama dari. Ndiyo maana hata humu hamlioni.

Daktari alikuwa mtu mpole mwenye tochi ndogo. Alimmulika, akamwambia wataanza na jicho la kulia, la kushoto lingoje miezi. "Ndani ya jicho kuna kioo kinachopitisha mwanga. Chako kimekuwa kama maziwa. Tutakitoa, tuweke kingine."

"Kingine cha nani?"

"Cha nani kivipi, mama?"

"Aliyekuwa nacho kabla yangu. Alikufa na nini?"

"Si cha mtu. Kinatengenezwa kiwandani. Ni plastiki."

"Kama ndoo?"

"Safi kuliko ndoo."

"Ndoo yangu ilipasuliwa na jua."

"Hiki hakipasuki. Utazikwa nacho."

"Hapo sawa," akasema mama mkwe, akalala.

Kibarazani nilikaa na mzee mmoja wa Ukerewe, aliyekuja kupimwa. Yeye jicho lake la kwanza lilipasuliwa zamani, kabla hizi lenzi za bandia hazijafika kwetu. Kioo kilitolewa, hakikurudishwa kitu, akapewa miwani minene kama kitako cha chupa. Aliona nayo, lakini kuona kwa shida: mlango unamjia mkubwa kuliko nyumba, ngazi inapanda juu mguu ukiwa bado chini. Siku ng'ombe alipoikanyaga ile miwani, mzee akarudi gizani akiwa na jicho zima. Safari hii aliwekewa lenzi kwenye jicho la pili. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Kijana, vifungo vya shati lako vimepishana."

Vilikuwa vimepishana tangu Busisi. Nikafurahi kama niliyesifiwa.

Lakini kulikuwa na mama mwingine, kitanda cha jirani na mkwe wangu. Alipasuliwa vizuri, lenzi ikakaa, bandeji ikatolewa, na hakuona kitu. Daktari akamweleza taratibu kwamba presha ya jicho ilikuwa imeshaua mshipa wa nyuma zamani. Mbele pamesafishwa, nyuma hapapokei. Yule mama hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kwenda nyumbani. Mama mkwe aliyasikia yote. Siku hiyo hakufanya utani na mtu.

Upasuaji haukuchukua muda. Alidungwa sindano ya ganzi, na muda wote alikuwa macho akisikiliza vyuma. Kesho yake bandeji ilifunguliwa, akasema anaona mwanga na kitu kinapita, labda mkono, labda kuku. Siku ya pili daktari akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua vidole.

"Viwili," akasema mama mkwe. "Na hicho kimoja kina plasta."

Mimi nilikuwa mlangoni nimeelekea nje. Nikajikalia kwenye ndoo ya kudekia bila kuitazama. Ilikuwa na maji.

Buzuruga

Tuliruhusiwa tukakae mjini siku tano, kisha turudi kuangaliwa. Sista Adventina akanipa chupa mbili ndogo.

"Tone moja la kila chupa, mara nne kwa siku. Mikono kwa sabuni. Asijikune, asiiname, asibebe kitu. Kupasua ni nusu ya kazi, Baba. Nusu nyingine ni hizi chupa. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Watu waliofika kidato cha nne ndio wepesi wa kusema hivyo.

Tulifikia Buzuruga kwa Mama Bundala, mjane wa karani mwenzangu wa zamani. Yeye hukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara viwanda vikishamaliza kumchuna. Minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mgongo, kichwa na pilipili. Mipango ilikuwa yeye aweke dawa. Alinawa mikono mara tatu, akamsogelea mgonjwa, na mgonjwa akanusa.

"Mwanangu, wewe ni mtu mwema. Lakini pilipili imekuingia mpaka kwenye mfupa. Usiniguse."

Mama Bundala akacheka, akajinusa, akakubali, akaenda sokoni. Tukabaki wawili na chupa mbili.

Nilimpa mgongo, yeye akanipa mgongo. Tukapiga mahesabu ya heshima kila mtu kivyake.

"Baba Kulwa," hatimaye akasema, "hili jicho bado si langu. Ni la daktari. Mimi nimepewa nilitunze. Wewe unaweka dawa kwenye jicho la daktari."

Nikaona ni hoja safi. Akakaa kwenye kigoda, akainua uso. Mimi nikasimama nyuma yake, nikageuzia uso wangu ukutani, nikanyoosha mkono juu ya kichwa chake, nikaminya.

"Limeingia?"

"Limelowa."

"Basi limeingia."

Hivyo mara nne kwa siku, kwa siku tano. Sikukosa hata mara moja. Niliamka mapema kuliko nilivyowahi kuamka tangu chama kifungwe. Nilipika uji, nikafua, nikamzuia asiiname kuokota hiki na kile. Kalenda ya ukutani kwa Mama Bundala, iliyokuwa mbele ya macho yangu kila nikiweka dawa, naweza kuwachorea hata sasa. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Siku ya kwanza mama mkwe alikuwa akitaja kila anachokiona: jogoo mwekundu, kamba ya nguo, mtu mnene kapita. Siku ya tatu akataja vichache. Siku ya nne nikamuuliza jogoo yuko wapi.

"Kuna ukungu," akasema.

"Ni moshi wa mapanki, mama."

"Moshi nausikia puani. Huu hauna harufu."

Kwa daktari, mara ya pili

Daktari alimulika, akainama, akamulika tena. Akainua vidole, mama mkwe akakosea. Akasogea karibu, akakosea tena.

"Lenzi imekaa mahali pake," daktari akasema. "Ila jicho limewaka ndani. Dawa aliwekewa?"

"Mara nne kila siku, daktari. Chupa hizi hapa, zimeisha."

"Nyekundu namna hii, na chupa zimeisha?" Akamtazama Sista Adventina. Sista akafungua chupa mpya, akanipa.

"Niwekee nione."

Nikanawa. Nikasimama nyuma ya mama mkwe, nikageuzia uso ukutani, nikanyoosha mkono, nikaminya. Tone likaangukia kola ya gauni lake. La pili likamdondokea Sista kwenye kiatu. Na mama mkwe, waliniambia baadaye, alikuwa amelifumba jicho kwa nguvu zake zote, kwa sababu mkwewe alikuwa karibu na uso wake na kufumba ndiyo adabu.

Wagonjwa kwenye benchi walicheka. Sista hakucheka.

"Siku tano hivi?"

"Siku tano."

"Baba, umekuwa unatibu shingo."

Daktari alikaa chini, akanieleza bila kupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Kwamba zile dawa ndizo zinazotuliza jicho baada ya kukatwa. Kwamba lisipotulia, ndani hushikana na kufunga, na lenzi nzuri inabaki ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Kwamba bado tuna nafasi, lakini si kubwa. Tone kila saa, siku tatu, hapa hapa kliniki.

"Sista, basi mwekee wewe," nikasema.

"Mimi nina wodi nzima, Baba. Wewe una jicho moja."

Hapo ndipo nililia. Haya, mmepatia. Nililia nikimfikiria yule mama wa kitanda cha jirani akiuliza kama anaweza kwenda nyumbani. Yeye jicho lake liliuawa na ugonjwa. La kwetu nilikuwa naliua mimi, kwa tabia njema.

"Baba Kulwa," mama mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake, "usimwage na hayo. Njoo mbele."

Nikaenda mbele.

"Fumbua jicho, mama."

"Fumbua kwanza wewe."

Kweli nilikuwa nimefumba. Nikafumbua, na mama mkwe wangu alikuwa pale, uso mzima, kwa mara ya kwanza. Pua ya Kabula ilikuwa hapo. Kovu dogo juu ya nyusi. Mwanya wa binti yangu Kulwa, ambao siku zote nilidhani umetoka upande wetu. Nusu ya uso huu nilikuwa nakula nayo kila siku nyumbani, sikujua ulikotoka. Jicho lilikuwa jekundu na limechoka, nalo likafunguka, likatulia, likaningoja. Nikaminya. Tone likaingia.

"Sasa ndiyo dawa," akasema Sista.

Siku tatu kila saa, kwenye benchi lile, kuanzia asubuhi mpaka kufunga, na zilizobaki Buzuruga. Mgongo wangu msiniulize. Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili alikuwa ameinua uso anangoja tone, mara akasema, "Una masharubu."

"Ndiyo, mama."

"Kabula hakuniambia."

"Angeanzaje kukuambia?"

"Ningejua mapema, wangeongezeka ng'ombe wawili."

Sista Adventina alilazimika kwenda kucheka dirishani. Mimi niliminya tone, likaingia.

Siku ya tatu daktari akampeleka mbele ya ubao wenye ile herufi moja iliyogeuzwa kila upande, kwa watu wasiosoma. Unaonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. Mama mkwe alionyesha juu, chini, kushoto, akashuka mstari hadi mstari, mkono wake ukikatika kama wa polisi wa barabarani. Alikwama karibu na chini kabisa. Daktari akaandika, akasema atakayeweka dawa nyumbani awe binti yake. Nilimshukuru mara mbili.

Kurudi

Njia ya kurudi haina maneno mengi. Ziwa lilikuwa wazi, kivuko kilikuja, mimi nilisinzia nimesimama. Mama mkwe alipanda mwenyewe, akavuka mpaka ubavu wa pili wa kivuko, akanipa mgongo. Alikuwa anaona; kwa hiyo sheria zilikuwa zimerudi kazini. Kabla ya kivuko, pale Kigongo, tulikula kila mtu na meza yake, akachambua miiba mwenyewe, akaipanga kwenye ukingo wa sahani yake. Yule mama ntilie aliniangalia tu. Nilikuwa nimeingojea raha hiyo tangu Busisi, ya kutokuwa na kazi na mtu. Nikaona chakula hakina chumvi.

Nyumbani nililala siku mbili. Mama mkwe akarudi kwenye mji wake ng'ambo ya mto, Kabula akawa anakwenda na mtoto mgongoni kumwekea dawa. Mimi nikarudi kitini.

Jumapili iliyopita mtoto alikuwa na homa, chupa ya mwisho ikabidi niipeleke mimi, nimwachie jirani yake. Nilikuwa nateremka kuelekea mtoni, najiburuza kama kawaida yangu, nikamwona mwanamke kisimani, mbali, mdogo kama kidole, peke yake, kidumu mkononi. Mimi mwenyewe sikumtambua. Yeye alisimama, akaangalia upande wangu mara moja tu, kisha akaacha njia akaingia kwenye shamba la mihogo la watu. Daktari alimpima ubaoni kwa hatua sita. Mimi nilihesabu zangu mpaka pale alipoingilia, zikapita mia mbili.

Nilipofika usawa wa mihogo nikatazama upande wa pili, kama inavyotakiwa, nikakohoa.

"Jicho linaendeleaje, mama?"

Majani yakatikisika.

"Limekuona tangu ukiwa kule juu," mihogo ikajibu. "Pita."

Nikapita.